Ua la Usambara na Jina la Baroni

Mwaka 1892, Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alituma kwao mbegu za mmea mdogo wa maua ya zambarau kutoka Usambara. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea wa Hannover, akauita *Saintpaulia ionantha*. Jenasi nzima ikabeba jina la mtawala.

Kwa macho, mpango huo ulikuwa na sababu. Mimea ya jenasi *Streptocarpus*, iliyoenea Afrika na Madagaska, ina matunda yaliyosokotwa kama kamba. Tunda la mmea wa baroni limenyooka.

Mwaka 1997 Michael Möller na Quentin Cronk walilinganisha kipande kimoja cha DNA, mmea kwa mmea. DNA huandikwa kwa herufi nne, na herufi hizo hubadilika kidogo kidogo kadiri vizazi vinavyopita. Mimea inayoshiriki mabadiliko yale yale kwa kawaida imeyarithi kwa babu mmoja. *Saintpaulia* haikuwa jirani wa *Streptocarpus*. Ilikuwa mtoto wa nyumba hiyo hiyo, aliyepoteza msokoto wa tunda baadaye.

Mwaka 2015 wataalamu wakaifuta jenasi ya baroni. Ua sasa ni *Streptocarpus ionanthus*, na *Saintpaulia* imebaki jina la kikundi ndani ya ukoo.

Jina la mtawala lilishushwa cheo na herufi nne, bila maandamano. Lakini ukoo huo unaishi miambani, kwenye kivuli cha misitu. Msitu ukikatwa, tutabaki na jina sahihi la ua lisilokuwepo tena porini.