Sumu ya kiapo iliyogeuka dawa

Asubuhi ni mzima. Ikifika alasiri kope zinaanguka, chakula hakitafuniki, chai inarudi puani. Akilala, kesho anaamka kama hakuumwa. Mtu wa namna hii akiwa Babati, Tanzania, jirani mmoja atasema ni uchovu wa shamba, mwingine atanong'ona kwamba karogwa. Madaktari wanauita ugonjwa huo miasthenia gravis: kinga ya mwili inamgeuka mwenyewe, ikashambulia pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli.

Mwingereza Thomas Willis alieleza dalili zake mwaka 1672. Jina likaja Ujerumani mwaka 1895, kwa Friedrich Jolly. Lakini jina halikumponya mtu. Mwanzoni mwa karne ya 20 inakadiriwa wagonjwa 7 kati ya 10 walikufa, wengi kwa sababu misuli ya kupumua nayo ilichoka.

Dawa ilianzia Afrika, tena pabaya. Waefik wa Calabar, Nigeria ya leo, walikuwa na maharage ya kiapo. Mshukiwa wa uchawi alinyweshwa. Akitapika kasalimika, akifa basi alikuwa mchawi. Ni mwavi wao, yaani sumu ya kiapo. Robert Christison wa Edinburgh aliyaonja mwaka 1855, nusura yamuue. Mwaka 1864 wakemia wakatoa humo fizostigmini.

Ikapita miaka 70. Mwaka 1934 Dakta Mary Walker, katika hospitali iliyohudumia maskini huko Greenwich, London, alizingatia kwamba wagonjwa wa miasthenia wanafanana na watu waliolishwa sumu ya kurare, na kurare huzimwa na fizostigmini. Akamdunga mgonjwa wake. Kope zikainuka! Mabingwa walisitasita kumwamini, naye hakuwa profesa, lakini vidonge vya piridostigmini vinavyomezwa leo ni ukoo wa dawa hiyohiyo.

Vidonge peke yake visingetosha pale misuli ya kupumua inapochoka. Mwaka 1952 polio ilipoikumba Copenhagen, Bjørn Ibsen aliwapanga wanafunzi wa udaktari wawapulizie wagonjwa hewa kwa kuminya mifuko kwa mikono, usiku na mchana. Ndipo vyumba vya wagonjwa mahututi vilipoanza. Prednisoloni na upasuaji wa tezi ya thaimasi navyo vikasaidia. Leo, penye huduma hizo, wanaokufa kwa ugonjwa huu ni chini ya 5 kwa 100. Amitabh Bachchan, yule wa sinema za Kihindi, aliugua miaka ya 1980 na sasa amevuka miaka 80.

Kutoka Babati hadi hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, ni zaidi ya kilomita 200, na mgonjwa aliyeishiwa pumzi hana muda wa safari hiyo. Tena hatari nyingine iko karibu zaidi: kwinini, iliyotibu malaria vizazi na vizazi, huweza kumzidishia ulegevu hadi asipumue. Jentamisini na sindano ya magnesiamu ni vivyo hivyo.

Kwa hiyo, ukiona kope za ndugu yako zinalegea jioni na kuinuka asubuhi, mpeleke hospitali ya mkoa, umweleze daktari hivyo hivyo ulivyoona. Na aliyekwisha kuambiwa ana ugonjwa huu atembee na karatasi yenye jina la ugonjwa wake, aioneshe kabla hajachomwa sindano yoyote.