Chikanda: chakula tunachopenda, na ua lenye kuisha kidogo kidogo

Wakaaji wengi wa Likasi wanaijua chikanda. Mama anaipanga mu beseni, anaifunika na sashe, anaikata na kisu, na mteja anauliza: "Mama, kipande iko bei gani?" Ina rangi ya udongo mwekundu, inashikamana kama sosisi, inanukia karanga na pilipili. Watoto wanaikula wakitoka masomo. Mu nyumba zingine inakuwa mboga ya bukari siku ile nyama imekosekana.

Lakini ukiuliza chikanda inatoka ku mti gani, wengi wanakosa jibu. Inatoka ku maua. Ni viazi vya okidi, maua ambayo mu inchi zingine watu wanayanunua kwa bei kali ili kuyapamba nyumbani. Sisi tunayala, na kila kipande tunachokula kimeondoa mimea kadhaa mu pori. Njo maana tumetayarisha maelezo haya.

Chikanda ni mmea gani?

Jina linatoka mu Kibemba, luga ambayo watu wa Haut-Katanga na wa Zambia wanashirikiana. Lakini chikanda si mmea mmoja. Ni jina la okidi nyingi za udongoni, zaidi sana zile ambazo wataalamu wanaziita Disa, Satyrium, Habenaria na Brachycorythis. Zinaota mu dembo, ni kusema yale mabonde ya majani yenye kushika maji, na zingine chini ya miti ya miombo. Majani yanatokea wakati wa mvua, kisha ua linasimama juu ya fimbo moja. Kiangazi kikifika, juu kunakauka, na uzima wa mmea unabaki mu kiazi chini ya udongo.

Wachimbaji wanatafuta ile fimbo. Wanachimba na jembe ao na kijiti, wanatoa viazi vidogo, wanaviosha, wanavianika ku jua, kisha vinatwangwa na kuchekechwa mpaka vinakuwa unga. Kupika si kazi kubwa: maji, unga wa karanga, chumvi, pilipili, na bikarbonati kidogo. Wazee walikuwa wanatumia maji ya majivu. Unga wa chikanda unaingia, mutu anakoroga mpaka inakamata. Wengine wanafunika sufuria na kuweka makala ya moto juu ya kifuniko, ili iive juu na chini.

Juu ya nini inaisha?

Tuilinganishe na vitu vingine tunavyookota mu pori. Ukichuma masuku, mti unabaki. Ukiokota bowa, ule uzi wake mweupe unabaki mu udongo, na mwaka ujao bowa inarudi. Chikanda haiko vile.

Okidi nyingi za aina hii zina viazi viwili chini. Kimoja ni cha zamani: kimelisha majani na ua la mwaka huu, kimekuwa laini na cheusi. Cha pili ni kipya, kigumu na cheupe: kimewekwa akiba kwa ajili ya mwaka ujao. Mchimbaji anataka kile kipya, maana njo chenye unga. Kwa hiyo anapokitoa, ametoa mwaka ujao wa mmea ule. Mmea umekufa.

Mtu anaweza kusema: mbegu zitaota. Ni kweli kwamba okidi moja inatoa maelfu ya mbegu. Lakini mbegu hizo ni ndogo kama vumbi, na hazina chakula ndani yao kama mbegu ya mahindi ao ya karanga. Ili ziote, zinapaswa kukutana mu udongo na aina fulani ya uyoga mdogo sana, usioonekana kwa macho, wenye kuzilisha. Mbegu nyingi hazikutani nao. Ile yenye kubahatika inachukua miaka mbele ya kutoa ua. Na kama mmea umechimbwa wakati ungali na ua, hata hizo mbegu hazikupata nafasi ya kukomaa.

Njo maana pia hatuoni shamba la chikanda. Watafiti wa Zambia pamoja na bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, wamefanya kazi juu ya namna ya kuipanda na kuichunga, lakini chikanda ya soko ingali inatoka mu pori.

Mambo yaliyopita Tanzania

Zamani chikanda ilikuwa chakula cha nyumbani, na mama na watoto walichimba yenye kutosha sufuria yao. Mambo yalibadilika miji ya Zambia ilipoongezeka watu. Leo inauzwa mu masoko ya Lusaka na ya Copperbelt, na hata mu maduka makubwa. Chikanda ya karibu ilipopunguka, wachuuzi walianza kuitafuta mbali: Tanzania, Malawi, Angola, na huku kwetu Kongo.

Kule Tanzania kuna uwanda wa Kitulo, mu milima ya kusini, ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua yake. Watu wa kule hawakuwa na desturi kubwa ya kula chikanda. Lakini bei ilifika, na vijiji vikaanza kuchimba. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2003 ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vinatoka kila mwaka mu milima ile na kuliwa Zambia. Mwaka wa 2005 serikali ya Tanzania ilifanya Kitulo kuwa hifadhi ya taifa. Watu wengi wanaitaja kuwa hifadhi ya kwanza ya taifa mu Afrika ya joto iliyofunguliwa zaidi sana kwa ajili ya maua.

Likasi haiko mbali na njia ya biashara hiyo. Toka hapa mpaka Lubumbashi ni kilometa kama 120, na toka Lubumbashi barabara inashuka mpaka Kasumbalesa, ku mpaka wa Zambia.

Sheria inasema nini?

Okidi zote za pori ziko mu orodha za mapatano ya kimataifa ya CITES, yenye kuangalia biashara ya wanyama na mimea ya pori. Inchi yetu iliingia mu mapatano hayo mwaka wa 1976. Orodha ile inagusa pia mimea ya mitungi ya Asia, ile yenye kukamata wadudu, ambayo watu wa Ulaya na Amerika wanaitafuta ili kuikusanya. Aliyenunua kwa ajili ya kupamba dirisha na aliyenunua kwa ajili ya kula, mbele ya mpaka sheria ni moja: okidi ya pori haivuke bila kibali.

Ndani ya inchi, sheria ya misitu ya mwaka wa 2002 inaachia wenyeji haki ya kutumia pori kwa mahitaji ya nyumba zao. Mama mwenye kuchimba kidogo kwa ajili ya chakula cha watoto wake hayuko sawa na mchuuzi mwenye kujaza mifuko kwa ajili ya ngambo.

Tufanye nini?

Kusema "tuache chikanda" ni rahisi kwa mutu mwenye mshahara. Mama mwenye beseni analipa minerval na kodi ya nyumba kwa kipande kile. Tena si yeye peke yake mwenye kumaliza okidi: makala yanakula miombo, machimbo yanageuza vilima, na dembo nyingi karibu na miji zimekuwa mashamba ya mboga. Lakini chikanda ikiisha, biashara yake itaisha ya kwanza.

Kuna mambo yenye kuwezekana:

- Kungojea. Mbele ya kuchimba, acha ua likauke na mbegu zipeperuke.
- Kuchagua. Acha mimea midogo, na usimalize dembo moja. Hata mahali penye wingi, nyingine zibakie.
- Kupumzisha. Vijiji na machifu wanaweza kupatana kwamba dembo fulani haichimbwe kwa miaka kadhaa, sawa vile mito mingine ina wakati wa kufunga uvuvi.
- Kutouza mzigo mkubwa kwa mchuuzi wa ngambo. Anapomaliza hapa atakwenda kwingine. Sisi tutabaki.
- Kwa mnunuzi: ile chikanda ya sherehe, ya siku moja moja, haiumize pori kama ile ya kila siku.

Kuna pia kipimo ambacho kila mutu anaweza kukifanya bila kuwa mtaalamu. Uliza bibi yako: wakati wa ujana wake, walikuwa wanachimba chikanda wapi? Kisha uliza mama wa soko: hii ya leo imetoka wapi? Kama bibi anakuonyesha dembo ya nyuma ya mtaa, na mama anataja safari ya siku mbili, umekwisha kupata jibu.