Tuliosoma Pamoja: Vikundi vya Wanawake wa Kigoma na Asili Yake



Ukihudhuria harusi Mwanga, pale Kigoma, utaona kundi la wanawake ambalo halitokani na ukoo wa bi harusi, si kwa mama wala kwa baba. Wamevaa sare yao, wamekaa pamoja, wana zawadi moja kubwa badala ya bahasha ndogondogo, na wageni wakishatawanyika wao ndio wanaobaki na masufuria. Ukiuliza ni akina nani utaambiwa kwa ufupi: "Hao wamesoma naye." Sisi tuliosoma huko na kuolewa huku visiwani tumo katika vikundi hivyo mpaka leo, na mwisho wa mwezi mchango wetu unakwenda kwa simu. Mashoga zetu wa Unguja hutushangaa. Darasa la saba mlimaliza zamani, wanasema, sasa mnakutania nini?

Jibu lake ni refu kidogo, kwa sababu jambo lenyewe ni la zamani kuliko shule.

Mwanga iko njiani baina ya Kigoma na Ujiji. Kigoma ni mji wa reli na bandari. Reli ya kati ilifika hapo mwaka 1914. Ujiji ni mji wa misafara, na umri wake ni mkubwa zaidi. Watu wa pwani na wa Unguja walikuwa wakifika Ujiji tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19, na Burton na Speke walipofika Februari 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa kutoka pwani wamekwishatangulia. Kulikuwa na pembe, chumvi, mawese, samaki na, tusifiche, watumwa. Soko lilikuwa na fedha yake yenyewe, ya shanga. Mgeni akifika leo anaoneshwa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, anapiga picha, anaondoka. Wanawake wa mji ule haambiwi habari zao, na sisi tunaona wao ndio walioujenga.

Wengi wao walitoka ng'ambo ya ziwa, nchi ya Manyema, ambayo leo ni mashariki ya Kongo. Wako waliokuja na waume zao. Wako pia waliochukuliwa vitani wakiwa wadogo, wakavushwa ziwa, wakafika ng'ambo hii bila mama, bila shangazi, bila hata mtu wa kuwaita kwa jina walilopewa walipozaliwa. Waliingia katika Uislamu, Kiswahili kikawa lugha yao, wakavaa kama wanawake wa pwani. Wajukuu zao ndio Wamanyema wa Ujiji, wa Kariakoo na wa miji mingi ya bara. Unguja utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897. Tanganyika ilisubiri mpaka 1922. Hiyo si zamani sana. Bibi wa bibi zetu walikuwa hai.

Sasa fikiria harusi ya mtu kama huyo. Wewe unayesoma hapa, bi harusi wetu mtarajiwa, unalo jopo zima nyuma yako: mama anapanga, shangazi anasema, somo anakufunda, binamu wanagombania nani akupake hina. Mwanamke wa Ujiji aliyevushwa ziwa akiwa mtoto atatolewa na nani? Akijifungua, nani atamkanda? Akifiwa na mume, nani atakaa naye eda? Na akifa yeye, nani atamwosha na kumkafini? Ukoo haununuliwi sokoni, hata kwa shanga. Basi wanawake wale walijitengenezea ukoo. Walioingia unyagoni pamoja wakawa ndugu, wa kungwi mmoja wakawa nyumba moja, na waliocheza ngoma moja wakawa chama. Chama kilichanga mchele, kilileta vyombo, kilisimama mlangoni siku ya harusi mahali ambapo shangazi angesimama. Kilisimama vilevile msibani.

Yapo na mambo mazito zaidi ya harusi. Mtafiti Sheryl McCurdy, aliyeandika sana juu ya wanawake wa Kimanyema wa Kigoma na Ujiji, ameonesha jinsi hofu ya kukosa uzazi ilivyowaandama katika miaka ya ukoloni, na jinsi vyama hivi vilivyokuwa pia mahali pa kutafutia tiba na faraja. Dada yoyote ambaye amewahi kuulizwa "bado tu?" kila Idi anaelewa kwa nini mtu angetaka kukaa na wenziwe wasiomuuliza.

Lakini tusiwapake sukari. Vyama vya ngoma vilikuwa na ushindani mkali. Beni, ambayo ilienea kutoka pwani hadi bara, ilikuwa na vyeo vilivyoigwa jeshini na serikalini, na lelemama ya wanawake nayo ilijaa mashindano ya mavazi, ya karamu na ya maneno ya mafumbo. Ujiji mwaka 1932 mashindano ya vyama yalifika mahali pa kuitwa "vita", na mwanahistoria huyohuyo anaeleza kwamba wanawake ndio waliouchochea moto ule. Serikali ya Kiingereza haikuwaza kwamba wanawake wa ngoma wangeweza kutikisa mji. Walikuwa na la kugombania: nani ni mwenyeji, nani ni mtu wa heshima, nani asiambiwe tena asili yake ya utumwa hadharani. Tukiyasoma hayo tunakumbuka magomvi ya sare katika makundi yetu ya simu, tunacheka, kisha tunanyamaza kidogo.

Mwaka huohuo wa 1932, kule Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti lake la Al-Islah, baada ya Sahifa ya mwaka 1930. Aliandika kwa Kiswahili watu wote waelewe, akikemea ubadhirifu wa harusi na ngoma, na akihimiza Waislamu wasomeshe watoto wao, wa kike wakiwemo. Wapo wanaolikumbuka kemeo lake tu na kusahau himizo. Yeye aliyaweka pamoja: fedha inayomwagika katika karamu ndiyo ambayo ingelipa mwalimu.

Na shule zilikuwa zimeanza. Hapa Unguja shule ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1927, na wazazi wengi walikuwa na wasiwasi nayo mpaka walipoona Qur'ani inasomeshwa na stara inalindwa. Mombasa ilipata shule ya wasichana wa Kiarabu mwaka 1938. Wasichana waliotoka humo walikuwa walimu, wauguzi, na wake wa watu; lakini walikuwa pia kitu kipya, wanawake waliojuana kwa dawati badala ya unyago. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mombasa kukazaliwa vyama viwili vya wanawake wa Kiislamu vilivyojali elimu na maendeleo. Margaret Strobel, aliyezungumza na wazee wa kike wa mji ule, aligundua kwamba mizizi yake ilikuwa katika lelemama. Wanawake waliokuwa wakishindana kwa ngoma walichukua ustadi wao wa kukusanya michango, kuitana na kupanga kazi, wakauhamishia kwenye mambo ya shule. Hata ushindani waliuchukua.

Dar es Salaam ilikuwa hivyo hivyo. Bibi Titi Mohamed alisoma shule ya msingi ya wasichana kwa miaka michache tu, lakini alikuwa mwimbaji wa kundi la ngoma la Bomba. TANU ilipotaka wanachama wa kike mwaka 1955, yeye aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, na wanawake wakaja kwa maelfu. Hawakuhitaji kufundishwa kujipanga. Walikuwa wamejipanga miaka mingi, kwenye harusi na kwenye misiba.

Huko Kigoma shule kwa wasichana wengi ilichelewa. Wachache walipata nafasi ya kupanda treni kwenda Tabora kwa sekondari. Mabadiliko makubwa yalikuja na elimu ya msingi kwa wote, iliyoamuliwa Musoma mwaka 1974 na kuanza kutekelezwa nchi nzima 1977. Ndipo mabinti wa Mwanga, Gungu, Katubuka na Ujiji walipojaa darasani, Mmanyema kando ya Muha, Mbembe kando ya Mgoma, Muislamu kando ya Mkristo. Asubuhi shule, jioni madrasa. Wakaolewa, wakazaa, wakatawanyika, na pale ambapo bibi zao wangesema "wa kungwi mmoja" wao wakasema "tuliosoma pamoja." Jina limebadilika, kazi ni ileile.

Tunakutana vipi? Kwa mambo ya kawaida. Kuna upatu. Kuna kumtembelea aliyejifungua, na kuna Maulid mwezi wa Mfunguo Sita. Kuna siku za kwenda Hospitali ya Maweni na sabuni na maji kwa wagonjwa wasio na jamaa mjini. Kuna kupiga rangi madarasa ya shule ambayo kuta zake sisi wenyewe tulizichora. Siku za kazi kama hizo hupikwa wali, na kuna mgebuka wa kukaanga, kwa sababu uzoefu umetufunza kwamba kundi linaloitana kwa kazi tupu linakufa ndani ya mwaka mmoja. Hili tunalisema bila haya kwa wale wanaotuandikia kwamba kula na kucheka ni kupoteza muda wa sadaka. Wanawake wa Ujiji walikuwa na karamu na jeneza ndani ya chama kimoja, na ndiyo maana chama kilidumu.

Kazi nyingine hazikupangwa. Mei 2015 maelfu ya Warundi walikimbilia kijiji cha Kagunga mpakani, kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba, ile ya Wajerumani iliyozamishwa 1916 na kuinuliwa tena, ikawa inawaleta Kigoma mzigo baada ya mzigo kabla ya kupelekwa kambini Nyarugusu. Kina mama walishuka na watoto mgongoni bila kitu mkononi. Wenzetu walikusanya kanga, sabuni na nguo za watoto kwa haraka kuliko kamati yoyote, kwani orodha ya majina na namba za simu ilikuwapo tayari. Baadhi ya waliotoa walikuwa watoto wa watu waliovuka kwa njia ileile mwaka 1972. Hawakuhitaji kuhutubiwa.

Mwaka 2024 ulikuwa mgumu kwa namna nyingine. Serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Sababu ina maana, ziwa limechoka. Lakini wenzetu wengi wanaishi kwa kuanika na kuuza dagaa Kibirizi na Katonga, na miezi mitatu bila dagaa ni miezi mitatu bila mchango. Hapo ndipo swali la sare lilipotoka mafichoni. Harusi za msimu ule zilikuwa zimekwishapangwa, vitenge vimekwishachaguliwa, na mwenye meza tupu Kibirizi alitakiwa alipie kitambaa sawa na mwenye mshahara.

Ndugu wa visiwani, mliozoea walima wa nyumbani, huenda hamjui uzito wa michango ya harusi kule bara: kamati, vikao, kadi yenye kiwango, na send-off juu yake. Mtume (s.a.w.) alimhimiza Abdulrahman bin Auf afanye walima japo kwa kondoo mmoja, na wanavyuoni wamelieleza hilo kwa urefu. Sisi tunaongeza la historia tu. Sare ilianza kama ishara kwamba asiye na ukoo ana watu. Ikifika mahali inamtoa nje ya mlango yule asiye na fedha, imegeuka kinyume cha kazi yake. Kikundi chetu kiliamua msimu ule kila mtu avae kanga aliyo nayo. Palinunwa, hatutadanganya, na bi harusi mmoja alilia. Akaolewa vizuri tu.

Lipo jambo la mwisho, na ndilo linalotugawa zaidi: nani ni "aliyesoma nasi"? Darasani mwetu walikuwapo wasiomaliza. Wako walioolewa mapema, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali 2019. Wako waliopata mimba wakafukuzwa, maana mlango wa kurudi shule ulifunguliwa rasmi Novemba 2021 tu. Waziri aliyetangaza, Profesa Joyce Ndalichako, alikuwa mbunge kutoka mkoa huohuo wa Kigoma. Kwa wenzetu wale ilikuwa imechelewa sana. Baadhi ya vikundi huhesabu wahitimu peke yao, na mwenye aibu yake hukaa nyumbani siku ya mkutano akisikia ngoma kwa jirani.

Kanuni yetu inatoka kwa bibi zetu waliovushwa ziwa, ambao wangekuwa wagumu kueleweshwa habari ya cheti. Anahesabiwa aliyekaa nasi darasa la kwanza, akamaliza asimalize. Mwezi wa Shaabani mifuko ya sukari na tende inapofungwa, majina husomwa kutoka orodha hiyo. Mwaka jana mmoja wa walioacha shule darasa la sita alichaguliwa mweka hazina. Anauza mawese soko la Mwanga na hesabu zake hazijawahi kupungua hata shilingi mia.