Baridi ya Kilimanjaro na Ukavu wa Ziwa Letu

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, mzaliwa wa Gerlingen nchini Ujerumani, alikuwa njiani kwenda Uchagani alipoona kilele cheupe cha Kilimanjaro. Alimwuliza mwenyeji aliyemwongoza weupe ule ni nini, naye akauita tu baridi. Rebmann akatambua kuwa ni theluji. Habari hizo zilipochapishwa, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia wa London, alizikataa. Theluji karibu na ikweta? Cooley hakuwahi kufika huku. Alihukumu akiwa mezani kwake.

Wapendwa, hata mimi nimewahi kuketi kwenye meza kama hiyo. Kijana wa usharika wetu hapa Shinyanga, anayechimba dhahabu Geita, alinijia baada ya ibada. "Mchungaji," alisema, "nasikia Ziwa Victoria lilikauka zamani, dunia ilipokuwa ya baridi. Ni kweli? Mimi nikiwa ndani ya duara naona tabaka juu ya tabaka." Nikamjibu kwa ukali kwamba hayo ni mambo ya wasioamini. Tangu siku ile hakuonekana tena kanisani.

Ndipo nikaanza kusoma. Watafiti walitoboa matope ya chini ya ziwa wakakuta udongo mgumu uliowahi kukauka, wenye mabaki ya vijizizi. Mimea iliota mahali ambapo leo mitumbwi inapita. Katika enzi ya barafu, barafu nene ilifunika sehemu kubwa ya kaskazini mwa Ulaya na Amerika, na ile ya milima yetu ilishuka chini zaidi. Bahari ikipoa hutoa mvuke kidogo, na mvuke ukipungua mvua hupungua. Hivyo baridi ya dunia ikawa ukame kwetu. Maji yalirudi miaka ipatayo 15,000 iliyopita, na ziwa likajaa furu wa mamia ya aina.

Je, imani inapotea hapo? Someni Mwanzo sura ya 8. Baada ya gharika Mungu hakuahidi dunia isiyobadilika. Aliahidi kwamba majira hayatakoma, baridi na joto vikiwemo.

Leo badiliko linakwenda upande wa pili. Kati ya mwaka 1912 na 2011 Kilimanjaro ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu yake. Nasi hapa Shinyanga tunakunywa maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa kutoka Ihelele, na kwa maji hayo hayo tunabatiza watoto wetu. Ziwa si la milele. Wa milele ni yeye aliyelitoa. Kwa hiyo tusilitie zebaki ya dhahabu, wala tusikate miti ya matimba bila kupanda mingine. Wazee wetu waliotunza ngitili walijua kwamba nchi iliyokauka inaweza kurudi.

Nilimfuata kijana yule Geita nikamwomba msamaha. Alinipa kiti, tukanywa chai, akaniuliza swali lingine. Safari hii nilisikiliza kwanza.