Kutoka Kengeleni hadi Limuru: chuo kilichozaliwa na waliokombolewa

Anayesafiri kutoka Mata, Taveta, kwenda Mombasa hupita Voi, akateremka nyika hadi kisiwani. Akivuka daraja la Nyali tu, makanga anaita: "Kengeleni!" Wengi hushuka bila kuuliza jina limetoka wapi. Limetoka kwenye kengele iliyopigwa kuwatahadharisha watumwa waliokombolewa kwamba watekaji wanakuja.

Makazi yao, Freretown, yalianzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS mwaka 1875. Yalipewa jina la Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa.

Huko Ohio, Marekani, Chuo Kikuu cha Wilberforce, kilichoanzishwa mwaka 1856, nacho kilibeba jina la Mwingereza aliyepinga utumwa. Mwaka 1863 kilinunuliwa na AME, kanisa la Weusi wenyewe. Jina likabaki la Mzungu, funguo zikashikwa na Weusi.

Kwetu funguo zilichelewa, ingawa kazi ilianza mapema. Mwaka 1864, kabla hata ya Freretown, William Jones na Ishmael Semler, waliokombolewa na kusomeshwa Nasik, India, walifika Rabai kufundisha na kuhubiri. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa ushemasi. Mwaka huohuo Hannington akauawa Busoga, na Jones ndiye aliyewarudisha pwani wapagazi wa msafara wake walionusurika.

Taita nayo imo katika simulizi hii. Joseph Wray wa CMS alipiga kambi Sagalla, juu ya Voi, mwaka 1883. Njaa ilipobana mwaka uliofuata, baadhi ya Wasagalla waliteremka naye hadi misheni za pwani, wakaishi jirani na waliokombolewa.

Palipo na makanisa sharti pawe na wachungaji. Mwaka 1903 CMS ikafungua chuo cha theolojia Freretown. Mwaka 1930 kikahamia Limuru, na mwaka 1955 Waanglikana wakakiendesha pamoja na Wapresbiteri na Wamethodisti. Mwaka 2007 kikaidhinishwa kuwa Chuo Kikuu cha St. Paul's, ambako leo kijana wa Mata aweza kusomea biashara au uanahabari bila nia ya kuvaa kanzu ya uchungaji.

Jones na Semler hawasikiki sana siku hizi. Lakini makanga wa Nyali hamwiti Frere pia. Anaita kengele, ile waliyoisikia waliokombolewa wakajua ni wakati wa kukaa macho.