Ruzuku Inapokuwa Haki: Fedha za Serikali na Hewa ya Miji, kutoka London ya 1952 hadi Jiko la Mkaa la Dar es Salaam

Ikisiri

Makala hii inachunguza ruzuku ambazo serikali kuu huzipatia mamlaka za miji ili kupunguza uchafuzi wa hewa. Inalinganisha mifumo miwili ya Uingereza: ule wa Sheria ya Hewa Safi ya 1956, na ule wa maombi ya ushindani ulioanza 1997. Hoja yake ni kwamba ruzuku husafisha hewa inapokuwa haki ya mtu aliyelazimishwa na sheria kubadilika, na hupungua nguvu inapogeuzwa tuzo ya halmashauri iliyoandaa andiko zuri. Mwishoni hoja hiyo inapimwa kwa jiko la mkaa la Dar es Salaam.

1. Moshi wa sebuleni

Ijumaa ya tarehe 5 Desemba 1952, ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe uliishukia London na kukaa hadi Jumanne. Makondakta wa mabasi walishuka na kutembea mbele ya magari yao wakiwa na mienge ili dereva aione barabara. Katika ukumbi wa Sadler's Wells opera ilikatishwa kwa kuwa moshi ulikuwa umeingia ndani. Makadirio ya wakati ule yalitaja vifo vipatavyo 4,000. Uchambuzi wa baadaye ulifikisha idadi hiyo hadi 12,000.

Ilikuwa rahisi kuvinyooshea kidole viwanda na mitambo ya umeme. Kamati iliyoongozwa na Sir Hugh Beaver, iliyotoa ripoti yake mwaka 1954, haikuviacha viwanda, lakini ilisema pia jambo ambalo wanasiasa hawakupenda kulisikia: sehemu kubwa ya moshi ilitoka katika meko ya majumbani. Mhalifu alikuwa mwananchi wa kawaida aliyekuwa akiota moto na watoto wake. Kiwanda unaweza kukitoza faini, lakini bibi kizee anayetetemeka kwa baridi utamfanya nini? Swali hilo ndilo lililozaa ruzuku.

2. Nne, tatu na tatu

Sheria ya Hewa Safi ya 1956 iliipa halmashauri mamlaka ya kulitangaza eneo lake kuwa eneo la kudhibiti moshi. Amri ikishathibitishwa na waziri na kuanza kutumika, kutoa moshi kwenye bomba la nyumba katika eneo hilo kulikuwa kosa. Mwenye nyumba alipaswa kubadili meko yake ili yatumie koki (masalia ya makaa ya mawe yanayowaka bila moshi), gesi, umeme au nishati nyingine iliyoruhusiwa.

Sheria hiyohiyo ilieleza nani atalipa. Kati ya kila sehemu 10 za gharama halali za kubadili meko, hazina ya serikali kuu ilibeba nne, halmashauri tatu, na mwenye nyumba tatu. Nyumba za zamani ndizo zilizostahili, kwa kuwa aliyejenga baada ya sheria kupita alijenga akijua masharti.

Mpango huu una mambo matatu ya kuzingatiwa. Kwanza, fedha ilifuata wajibu: hapakuwa na amri bila msaada, wala msaada bila amri. Pili, ilimfikia yule hasa aliyetakiwa kubadilika, kwa kifaa kinachoonekana kwa macho na kukaguliwa. Tatu, kila mmoja alichangia. Mwenye nyumba aliyetoa sehemu zake tatu hakuwa na sababu ya kuyatelekeza meko mapya, na halmashauri iliyotoa zake tatu ilikuwa na sababu ya kukagua.

Mpango huo ulikuwa na nyufa zake. Halmashauri nyingi za maeneo ya migodi zilisuasua, kwani wachimbaji walipata makaa ya mawe kama sehemu ya ujira wao. Kuyakataza kulikuwa sawa na kuwapunguzia mshahara. Ilibidi sheria ya pili, ya mwaka 1968, impe waziri uwezo wa kuzilazimisha halmashauri. Katika miaka ya 1960 koki nayo iliadimika, kwa sababu viwanda vya gesi vilivyoizalisha vilikuwa vikiachana na makaa ya mawe. Meko yalikuwa yamebadilishwa kwa ruzuku, lakini nishati ya kutia ndani ikawa ya kutafuta. Funzo hili nitalirudia.

Kuna wanaosema kwamba hewa ya London ilisafishwa na gesi ya Bahari ya Kaskazini, na kwamba sheria na ruzuku vilipewa sifa visizostahili. Ni kweli gesi ilisaidia sana. Hata hivyo, ilianza kufika nchi kavu mwaka 1967, zaidi ya miaka 10 baada ya sheria kupita, na ikaikuta miji ambayo tayari ilikuwa na amri, wakaguzi na mfuko wa kugharimia mabadiliko. Teknolojia mpya ilipata mlango uliokwisha kufunguliwa.

3. Kapu la ushindani

Sheria ya Mazingira ya 1995 ilizitaka halmashauri za Uingereza kupima hewa, kutangaza maeneo yaliyovuka viwango, na kuandaa mpango wa kuyashughulikia. Adui sasa alikuwa mwingine: naitrojeni dioksidi na chembechembe laini kutoka kwenye magari. Kuanzia 1997 serikali kuu ilikuwa na ruzuku ya ubora wa hewa kwa halmashauri za England. Ruzuku hii iliombwa: halmashauri iliandaa andiko la mradi, wizara ya mazingira ilipanga alama, wachache walipata. Mwanzoni mwa 2023 wizara ilitangaza mgao wa zaidi ya paundi milioni 10, zilizogawanywa kwa miradi kama vipima hewa, kampeni za uelewa na baiskeli za mizigo zinazotumia umeme.

Watetezi wa ushindani husema unachochea ubunifu na kuzuia fedha kugawiwa kama njugu. Hoja hiyo ina uzito kwa miradi ya majaribio. Lakini ushindani hupima ustadi wa kuandika, na ustadi huo hukaa katika halmashauri zenye wataalamu wa kutosha. Halmashauri yenye ofisa mmoja wa afya ya mazingira, ambaye pia hukagua mabucha na kusikiliza malalamiko ya kelele, huingia uwanjani ikiwa imeshafungwa. Tena, mradi unaodumu mwaka mmoja au miwili huishia kwenye ripoti, na ofisa aliyeajiriwa kwa fedha yake huondoka pale anapoanza kuuelewa mji.

Wakati halmashauri zikishindania fedha, sheria ililegalega. Kiwango cha naitrojeni dioksidi kilichopaswa kufikiwa mwaka 2010 kilivukwa katika miji mingi, hadi Mahakama ya Juu ikaiamuru serikali mwaka 2015 iandae mipango mipya. Februari 2013 Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka tisa aliyeishi karibu na barabara ya South Circular huko Lewisham, alifariki kwa pumu. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake, na akawa mtu wa kwanza Uingereza ambaye cheti chake cha kifo kinataja sababu hiyo.

London yenyewe inaonyesha jinsi sheria na fedha zinavyokwamishana zisipokwenda sambamba. Eneo la tozo kwa magari machafu lilipopanuliwa hadi mipaka ya jiji mwishoni mwa Agosti 2023, mwenye gari lisilokidhi viwango alitakiwa kulipa paundi 12.50 kwa siku. Fidia ya paundi 2,000 kwa gari linalopelekwa kuharibiwa, iliyotolewa na Meya, kwanza iliyalenga makundi maalumu. Ilifunguliwa kwa wakazi wote siku chache tu kabla ya tozo kuanza. Kwa kuwa amri ilitangulia na msaada ukachechemea nyuma, hasira ilijaza pengo lililobaki. Watunga sheria wa 1956 walikuwa wamelikwepa kosa hilo.

4. Kopo la mkaa

Tuje nyumbani. Alfajiri katika uchochoro wa Manzese, jijini Dar es Salaam, mama ntilie anawasha jiko kwa kipande cha nailoni na kulipepea kwa boksi lililokatwa. Moshi unapita usawa wa uso wake, kisha uso wa mtoto aliyembeba mgongoni. Mkaa ameununua jana jioni kwa kopo, kwa fedha ya mauzo ya jana. Gesi haiuzwi kwa kopo. Mtungi wa kilo sita ukiisha, anatakiwa kutoa kwa mkupuo mmoja fedha ambayo biashara yake huipata kwa vipande.

Tanzania imeanza kuunganisha amri na fedha. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zimeelekezwa kuachana na kuni na mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ifikapo 2034. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umesambaza mitungi ya kilo sita kwa ruzuku ya nusu ya bei, vijijini na pembezoni mwa miji. Hizo ni hatua za kweli.

Hata hivyo, ruzuku ya mtungi inaweza kurudia kisa cha koki: kifaa kipo, nishati haishikiki. Mtungi mtupu uliowekwa uvunguni huhesabiwa katika takwimu za usambazaji, ilhali chungu kinaendelea kuchemka juu ya mkaa. Ruzuku inayolenga hewa ingepaswa kugharimia pia namna ya kununua: mita za gesi za kulipia kidogo kidogo, au vituo vya kujaza mtaani. Halmashauri tayari hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mama ntilie wa soko moja, kikikopeshwa majiko ya gesi au umeme kwa sharti kwamba soko hilo litatangazwa eneo lisilo na mkaa ifikapo tarehe fulani, kitakuwa mfano wetu wa nne, tatu na tatu: serikali, halmashauri na mpishi, kila mmoja na fungu lake.

5. Hitimisho

Kipimo cha ruzuku ya hewa kisianze na ukubwa wa fungu. Kianze na maswali matatu: ni amri gani inayofuatana nayo, inamfikia nani mkononi, na mwaka wa tatu nani atalipa? Andiko lililopata alama za juu linaweza kushindwa kuyajibu yote. Mama ntilie ataijibu ruzuku kila jioni, atakapochagua kati ya kupeleka fedha yake kwenye mtungi au kwenye kopo.