Bahasha ya Udongo

Ukisikia jina kilifishi, usikimbilie kufikiria Kilifi. Jina hilo linatokana na neno la Kiholanzi, kil, yaani kijito. Lakini pwani yetu imo kwenye hadithi yao tangu zamani.

Mwaka wa 1893, huko Hamburg, mtaalamu Georg Pfeffer alieleza kwa maandishi samaki mdogo kutoka Zanzibar, aliyeletwa na msafiri Franz Stuhlmann. Leo anaitwa Nothobranchius guentheri, kwa heshima ya Albert Günther wa makumbusho ya London. Samaki wa Unguja, jina la bwana wa London. Jubbi wa hapa Kenya, aliyepewa jina mwaka wa 1979, naye alipewa la Rex Jubb, mtaalamu wa Afrika Kusini.

Maisha yao ndiyo maajabu. Wanaishi kwenye madimbwi ya mvua. Kiangazi kikikausha maji, wote wanakufa, hakuna anayebaki. Yanayobaki ni mayai ndani ya matope, yakiwa yamesimamisha ukuaji. Mvua ikirudi, yanaanguliwa, lakini si yote. Mengine yanangoja mvua nyingine, maana ya kwanza inaweza kuwa ya uongo. Muulize mkulima yeyote.

Tabia hiyo ndiyo iliyowapa usafiri. Samaki hai ni mzigo wa maji na hewa. Mayai ni bahasha na stempu tu. Kwa miaka mingi wafugaji wa majumbani Ulaya na Marekani walitumiana mayai kwa posta. Kazi yenyewe si ngumu: dume mmoja na majike wawili kwenye tangi, chini bakuli la mboji au makumbi ya nazi yaliyosagwa. Wakishataga, unakamua maji, unaacha ile mboji ibaki na unyevu kidogo, unaifunga kwenye mfuko na kuandika tarehe. Baada ya wiki au miezi, kutegemea aina, unamwagia maji ya baridi. Vifaranga wanaweza kutoka siku hiyo hiyo.

Mimi niliacha chuo na sina maabara, ndiyo maana sehemu hii naipenda. Mwaka wa 1968 Richard Furzer alipata aina mpya huko Gonarezhou, Zimbabwe ya leo. Uzao wake ulitunzwa na wafugaji wa kawaida kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka wa 2003 Stefano Valdesalici na Alessandro Cellerino wakaonyesha kwamba samaki hao huzeeka na kufa kabla ya miezi mitatu. Maabara zinazochunguza uzee zikawachangamkia, na mwaka wa 2015 ramani ya jeni zao ikachapishwa. Sayansi hiyo kubwa ilianzia kwa watu waliokamua mboji nyumbani.

Lakini bahasha haiwezi kubeba dimbwi. Brian Watters, mwanajiolojia, ameeleza jinsi samaki hawa wanavyotegemea udongo wa mfinyanzi unaoshika maji. Hapa Kawangware udongo wetu ni mwekundu, maji yanapita tu. Ukitaka kuelewa, shuka Embakasi wakati wa mvua: udongo mweusi unaonasa gumbuti na kupasua kuta za nyumba. Udongo wa namna hiyo ndio unaowatunzia mayai huko makwao.

Mwaka wa 2019, Watters na Béla Nagy walieleza aina nyingine mpya, sylvaticus, kutoka msitu wa Gongoni, Kwale. Miaka 126 baada ya Pfeffer, bado tunawagundua.

Sasa fikiria dimbwi kama hilo mwezi wa Februari. Hakuna maji, hakuna samaki. Dalali akipita anaona ploti tupu, na mtu aliyetumwa kukagua mazingira anaandika hakuna kitu. Lori la murram likimwaga mzigo, hakuna samaki hata mmoja atakayeonekana akifa. Kwa hivyo kabla ya kuandika "tupu", tungoje kwanza mvua inyeshe, turudi tuangalie.